Mwanao na National Honor Society: mwongozo kwa wazazi wa Kiswahili walioko Marekani

Shule zikifunguliwa tu, simu yangu haitulii. Mama mmoja ananitumia picha ya barua WhatsApp: "Mwalimu, hii nini tena? Wanataka hela?" Baba mwingine anataka kujua kwa nini binti wa jirani alivaa shali ya dhahabu siku ya mahafali na wa kwake hakuvaa, ilhali alama zao hazipishani sana. Mimi hufasiri kwenye vikao vya wazazi na walimu, na haya nimeyajibu mpaka mdomo umekauka. Basi nayaweka hapa mara moja, ukiulizwa na wewe umtumie mwenzio.

Maswali hayo yote yanaturudisha kwa National Honor Society. Wengi huiita NHS, nacho ni chama cha wanafunzi wa sekondari wanaotambuliwa kwa masomo na mwenendo. Kilianzishwa mwaka 1921 na chama cha wakuu wa shule za sekondari wa Marekani, na tawi la kwanza lilikuwa Pittsburgh, Pennsylvania. Mwaka 1929 kikaja cha wadogo, National Junior Honor Society au NJHS, kwa shule za kati. Kila shule yenye chama hiki ina tawi lake na mwalimu mlezi wake, na inaruhusiwa kuweka masharti makali kuliko yale ya taifa. Kumbuka hilo la mwisho, ndilo linalowaangusha wengi.

Nguzo za NHS ni 4: masomo, kujitolea, uongozi na tabia. NJHS ina ya 5, nayo nitaieleza kwenye makosa kwa sababu imewatia watu hofu ya bure.

Nisikudanganye kuhusu faida. Kuingia humu hakumlipii mtoto chuo, wala hakuna chuo kitakachompokea kwa sababu hiyo peke yake. Ila mwanachama wa darasa la 12 anaweza kuomba ufadhili unaotolewa kwa wanachama wa NHS, na kazi ya kukusanya ushahidi wa mambo aliyofanya ni ile ile atakayoifanya tena akiomba chuo. Akiifanya mapema, mwaka wa mwisho anapumua.

Vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Ripoti zote za alama tangu darasa la 9 (kwa NJHS, tangu darasa la 6), au nakala kamili ya matokeo kutoka ofisi ya shule.
- Neno la siri la akaunti yako ya mzazi kwenye tovuti ya shule. La kwako, si la mtoto. Najua wengi wetu mtoto ndiye anayeingia na kutusomea anachotaka tusikie.
- Jina na barua pepe ya mwalimu mlezi wa tawi, pamoja na ya mshauri wa wanafunzi.
- Daftari moja dogo, la dola moja linatosha.
- Majina ya watu wazima wawili au watatu wasio ndugu, wanaoweza kuthibitisha alichofanya mtoto: mwalimu, kocha, mchungaji, imamu, kiongozi wa jumuiya.

Hatua ya 1. Hakikisha shule ina tawi, na darasa la mtoto linaruhusiwa

NHS huchukua wanafunzi wa darasa la 10, 11 na 12. Wa darasa la 9 katika sekondari ya kawaida hachaguliwi hata awe na alama za ajabu. NJHS huanzia muhula wa pili wa darasa la 6. Vilevile mtoto awe amesoma katika shule hiyo kwa muhula mmoja. Aliyefika Novemba asitarajie kuitwa Januari.

Kuwa mwanachama wa NJHS hakumwingizi mtu NHS moja kwa moja. Akifika sekondari anaanza upya kama wenzake.

Hatua ya 2. Mwandikie mwalimu mlezi maswali manne

Usisubiri tangazo. Mwandikie barua pepe fupi mwanzoni mwa mwaka na uulize: tawi lenu linataka GPA (wastani wa alama) ya ngapi? Mnataka saa ngapi za kujitolea, na kazi za aina gani mnazikubali? Fomu hutoka mwezi gani na siku ya mwisho ni lini? Kuna ada?

Kingereza kikikupa shida, omba mkalimani. Hii si hisani. Shule inayopokea fedha za serikali kuu inabanwa na Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964 kuwasiliana na mzazi kwa lugha anayoielewa, na mkalimani humlipi wewe. Sema tu mapema unatoka wapi, maana Kiswahili chetu hakifanani. Nimewahi kuitwa kumfasiria mzee wa Uvira kule Kongo, mimi wa Pwani, na kwa dakika kumi za kwanza kila mmoja alikuwa anamwonea mwenzake huruma.

Hatua ya 3. Pigeni hesabu ya GPA

Kaeni mezani wawili, wewe na mtoto. A ni pointi 4, B ni 3, C ni 2, D ni 1, F ni sifuri. Chukueni masomo ya muhula mmoja: tuseme ana A, B, B, A, C na B. Jumla ni 19. Gawa kwa masomo 6, unapata 3.17.

Kiwango cha chini cha taifa ni 3.0, au 85 kwa shule zinazotumia asilimia. Kwa hiyo 3.17 inapita, isipokuwa tawi lenu liwe limepandisha, na mengi hudai 3.5. Ndiyo maana swali la kwanza kwenye ile barua pepe lilikuwa hilo.

Sasa sikiliza hapa. Kinachohesabiwa ni wastani wa mihula yote, si muhula wa mwisho. Mtoto aliyetoka kambini Nyarugusu au Kakuma akaingia darasa la 9 akiwa bado anatafuta milango ya madarasa, muhula wa kwanza anaweza kupata 2.3. Wa pili 3.2. Wa tatu, Kingereza kimeshakaa, 3.6. Masomo yakiwa idadi sawa kila muhula, wastani wake ni 3.03. Anapita kwa 3.0, na kwa tawi la 3.5 ana safari bado. Mtoto kama huyu mwonyeshe namba hizi kwenye karatasi ili aone zinavyopanda, kwa sababu wengi hukata tamaa kwa alama za ule muhula wa kwanza ambao hawakuwa hata wanamwelewa mwalimu.

Baadhi ya shule hutoa GPA mbili, moja ikiwa imeongezewa uzito kwa masomo magumu. Uliza tawi linatumia ipi.

Hatua ya 4. Anzisheni daftari la kazi

Hapa ndipo watoto wetu wanapopoteza. Si kwamba hawafanyi. Wanafanya kuliko wenzao, ila hawaandiki. Tumewalea na "kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza", wakakua wakiona aibu kutaja mema yao. Kwenye fomu ya NHS kizuri hakijiuzi. Walimu watano wanaopiga kura hawakuwepo Jumapili wakati mwanao anapanga viti mia mbili.

Kila anapofanya kazi ya kujitolea, siku hiyo hiyo aandike tarehe, mahali, alichofanya, saa alizotumia, na jina la msimamizi. Msimamizi akiweza kutia sahihi papo hapo, vizuri zaidi. Ukingoja mpaka Machi, hata yeye atakuwa amesahau.

Kwa kawaida zinakubalika kazi zisizolipwa na zinazofanyika nje ya familia: kufundisha watoto Kurani au shule ya Jumapili, kusaidia wadogo kazi za shule maktabani, kugawa chakula kwenye benki ya chakula, kufundisha mpira timu ya watoto, kuwasomea wazee wa jumuiya barua zao. Kufasiri kwenye mkutano wa jumuiya kunaingia. Kumfasiria mama yake kliniki mara nyingi hakuingii, kwa sababu ni familia. Kulea wadogo zake pia hawakuhesabu kama saa za kujitolea, jambo ambalo mimi binafsi naliona si haki, maana nawafahamu mabinti wa miaka 15 wanaoendesha nyumba nzima mama akiwa zamu ya usiku. Hilo usilitupe. Lina mahali pake kwenye hatua ya 6.

Hatua ya 5. Tafuta uongozi pale alipo

Mzazi akisikia uongozi anafikiria urais wa serikali ya wanafunzi. Si lazima. Nahodha wa timu, kiongozi wa sauti ya tatu kwaya, mweka hazina wa klabu, aliyeanzisha kikundi cha kusoma hesabu Alhamisi, wote ni viongozi. Mtoto asiye na cheo anaweza kueleza jambo aliloliongoza: nani waliitwa, yeye alifanya nini, kikatokea nini.

Ukiranja wa darasa la sita kule Kigoma hautasaidia. Fomu nyingi zinataka mambo ya tangu darasa la 9 tu.

Hatua ya 6. Jazeni fomu

Tawi likiona GPA inatosha, mtoto anapewa fomu ya kueleza shughuli zake. Wengi huielewa kama fomu ya kuomba kazi. Elewa tofauti: kufikisha GPA ni kuruhusiwa kufikiriwa, basi.

Angalia mstari huu nilioukuta kwenye fomu ya kijana mmoja:

"Nilisaidia kanisani."

Nikamwuliza: ulisaidia nini? "Nafasiri tu." Nani? "Wageni waliofika karibuni, siku za darasa lao la Kingereza." Lini? "Jumamosi." Zote? "Karibu zote, tangu Septemba." Tukafungua kalenda ya simu, tukahesabu Jumamosi moja moja. Mstari ukawa:

"Mkalimani wa Kiswahili na Kingereza, darasa la Kingereza kwa familia wageni, Jumamosi 23, saa 2 kila mara, jumla saa 46, kuanzia Septemba hadi Machi." Chini yake jina na simu ya mama aliyeongoza darasa.

Kijana ni yule yule, hakuna neno la uongo lililoongezwa. Kila mstari wa fomu ufanyiwe mahojiano ya namna hii, na wewe mzazi ndiye mhoji. Ukiwa unamjua mtoto utamkumbusha mambo matano aliyoyasahau.

Fomu ikiwa na insha, hapo ndipo pa kuweka mambo ya nyumbani: kulea wadogo, kufanya kazi jioni kuchangia kodi. Yaelezwe kwa uwazi, kwa saa na siku, bila kulia. "Jumatatu hadi Alhamisi kuanzia saa 9 alasiri nawachukua wadogo zangu watatu shuleni, nawapikia, nawasimamia kazi zao" inatosha. Mwalimu atajua mwenyewe uzito wake.

Insha aiandike mtoto. Walimu wanaijua sauti ya mwanafunzi wao, na insha iliyotengenezwa na kompyuta ikigundulika, nguzo ya tabia inaanguka hapo hapo.

Hatua ya 7. Omba barua za watu mapema

Tawi likidai barua ya mwalimu, mpe wiki mbili au tatu. Mtoto aende mwenyewe, asimame mbele ya mwalimu baada ya kipindi, aombe kwa mdomo kisha atume barua pepe ya kumkumbusha. Sisi tumefundishwa kutomsumbua mkubwa. Hapa mwalimu asiyeombwa haandiki, na anayeombwa usiku wa kuamkia siku ya mwisho anaandika mistari mitatu.

Hatua ya 8. Rudisheni, kisha subirini

Fomu irudi kabla ya siku ya mwisho, na mpige picha kila ukurasa kwa simu mbaki na nakala. Ikirudishwa mtandaoni, piga picha skrini inayosema imepokelewa.

Uamuzi ni wa baraza la walimu 5 wanaoteuliwa na mkuu wa shule. Mwalimu mlezi huliendesha lakini hapigi kura. Kumpelekea mlezi keki hakubadilishi kitu, na kunaweza kuharibu.

Akichaguliwa kutakuwa na hafla ya kuwaapisha, mara nyingi jioni, yenye mishumaa na kiapo. Mtoto avae nguo nadhifu, nanyi njooni wengi. Vigelegele vinaruhusiwa, ila ulizeni kama majina yote yanasomwa kwanza. Kuna shangazi mmoja aliyeanza mapema mpaka majina matatu yaliyofuata hayakusikika, na mmojawapo lilikuwa la mpwa wake wa pili.

Makosa ninayoyaona kila mwaka

*Kuogopa neno citizenship.* Hii ndiyo nguzo ya 5 ya NJHS. Mzazi anaipitisha kwenye simu, inamjibu "uraia", anaifunga fomu na kuificha. Nimekuta fomu chini ya godoro. Hawaulizi pasipoti wala kadi ya kijani. Maana yake ni kujali jamii na shule yako, kuheshimu sheria, kushiriki. Mtoto wa mkimbizi ana haki ile ile.

*Kuchanganya barua ya posta na ya shule.* Zipo taasisi zenye majina yanayofanana sana na NHS zinazotuma barua nyumbani zenye nembo ya kung'aa, zikimpongeza mtoto na kudai malipo ya kujiunga. NHS haiji hivyo. Inaanzia shuleni kwa mwalimu mlezi. Ukipata barua yenye bei, usilipe mpaka umemwonyesha mlezi. Ada ya tawi la NHS, kama ipo, ni ndogo: ukomo wake umewekwa kuwa dola 20 kwa mwaka. Hata hiyo ikikushinda, mwambie mlezi faraghani.

*Kuongeza saa.* Saa 30 zikawa 80. Walimu hupiga simu kwa wasimamizi, na mtoto atakayekamatwa kwa hili atakumbukwa mpaka amalize shule.

*Kulisahau faili la nidhamu.* Kuchelewa kupita kiasi, kusimamishwa, kuibia mtihani, vyote vinasomwa. Kama kuna jambo la zamani lililokwisha, mtoto aandike mwenyewe kifupi nini kilitokea na amebadilika vipi.

Yakikwama

*GPA ni 2.9.* Muulizeni mshauri wa wanafunzi kama somo lililoshindwa linaweza kurudiwa kiangazi na alama mpya kuingia. Muulizeni pia kama alama alizotoka nazo nchi nyingine zimehesabiwa, na kwa usahihi. Nakala yake ya matokeo una haki ya kuiona, na ukikuta kosa unaweza kuomba lisahihishwe.

*Hakuchaguliwa.* Mwandikie mlezi kwa upole uombe kujua ni nguzo gani ilipungua. Usipotosheka, nenda kwa mkuu wa shule. Juu ya hapo hakuna, makao makuu ya taifa hayasikilizi rufaa za watu binafsi. Kama ni darasa la 10 au 11, mwakani yupo tena, na safari hii mnajua pa kujaza.

*Mmehama katikati ya mwaka.* Aliyekwisha kuwa mwanachama hapotezi. Kabla ya kufunga mizigo chukua barua ya mlezi au mkuu wa shule ya zamani, shule mpya yenye tawi itampokea. Atapewa muhula mmoja kufikia masharti ya tawi jipya. Bila barua utazunguka sana, na najua sisi na kuhama: leo Phoenix, kesho Louisville kwa sababu binamu kapata kiwanda kinacholipa.

*Anafanya kazi jioni, hana saa za kujitolea.* Chagueni siku moja tu ya mwezi na kazi moja isiyobadilika. Saa 3 kila mwezi kwa miezi 10 ni saa 30. Mwambieni mlezi ratiba yake ya kazi mapema, si siku ya kurudisha fomu.

*Ameingia, kisha alama zikashuka.* Kwa kawaida hupewa onyo kwa maandishi na muda wa kujirekebisha. Likifika suala la kuondolewa ana haki ya kusikilizwa kwanza, na baadaye kukata rufaa kwa mkuu wa shule. Msilipuuze onyo, na mtoto asijitoe kwa hasira, kwa sababu aliyejitoa au kuondolewa harudi tena.

*Shule haina tawi la NHS.* Ulizeni kuna nini kingine. Sehemu nyingi za kusini wana National Beta Club, iliyoanza 1934. California kuna California Scholarship Federation, na huko mtoto huomba mwenyewe kila muhula kwa alama zake, kwa hiyo usikae ukingoja aitwe. Mpenzi wa hesabu atafute Mu Alpha Theta. Anayesoma ufundi, uchomeleaji au uuguzi, aulizie National Technical Honor Society. Na kama hakuna chochote, mwalimu mmoja aliye tayari kuwa mlezi pamoja na mkuu wa shule aliyekubali wanaweza kuomba kufungua tawi la NHS. Ombi hilo hulipeleka shule, si mzazi, lakini mzazi anaweza kuwa wa kwanza kuuliza.